Milimita 1.3: Uchambuzi wa Kisa cha Kioo cha Darubini ya Hubble

Tarehe 27 Juni 1990, miezi miwili baada ya chombo cha Discovery kuiacha darubini ya Hubble katika mzingo wa Dunia, shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba darubini hiyo haioni vizuri. Kioo chake kikuu kilikuwa na umbo lisilo lake. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa namna mbili: ama kama kisa cha mafundi waliochomeka washa, yaani vipete vidogo vya chuma, mahali pasipostahili, ama kama kisa cha bajeti iliyobanwa hadi jaribio la mwisho likaachwa. Yote mawili yalitokea, lakini hayaelezi kwa nini dosari iliyoonekana kwenye vipimo vya mwaka 1981 ilipita bila kuzuiwa na mtu hadi ikafika angani mwaka 1990. Uchambuzi huu unakitazama kisa kutoka kwenye kiti cha mhandisi mwandamizi wa mifumo ya mwanga, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuamua kioo kiwe na umbo gani na, jambo lililo gumu zaidi, kuamua ni ushahidi gani utakaotosha kuamini kwamba umbo hilo limepatikana.

Hubble ni darubini ya aina ya Ritchey-Chrétien, yenye vioo viwili ambavyo vyote vina mpindo wa haipabola. Kioo cha kwanza kina kipenyo cha mita 2.4, nacho kilitengenezwa kwa glasi maalumu ya kampuni ya Corning yenye silika na titani kidogo, ambayo karibu haitanuki wala kusinyaa joto linapobadilika. Mwaka 1977 kampuni ya Perkin-Elmer ya jimbo la Connecticut ilipewa kazi ya kuunda mfumo mzima wa mwanga wa darubini; kioo kikuu kilisagwa kwanza Wilton, kisha kikang'arishwa Danbury, kazi iliyokamilika mwaka 1981. Umbo la kioo cha namna hii hufupishwa kwa namba moja inayoeleza jinsi mpindo wake unavyoachana na tufe: tufe ina sifuri, parabola ina -1, na haipabola ina namba iliyo chini ya hapo. Mchoro wa Hubble ulitaka takriban -1.0023. Kioo kilichotoka kiwandani kilikuwa na takriban -1.0139.

Tofauti hiyo, ikipimwa kwenye uso wa kioo, ina maana kwamba ukingo ulikuwa umeliwa kupita kiasi kwa takriban maikromita 2, ambayo ni kama sehemu ya hamsini ya unene wa unywele. Kwa seremala hilo halihesabiki kabisa. Kwa mwanga unaoonekana, ambao urefu wa wimbi lake ni karibu nusu ya maikromita, ni kosa kubwa mno. Mwanga uliopiga ukingoni ulikuwa ukikutana karibu sentimita 4 kutoka pale ulipokutana mwanga uliopiga karibu na katikati, kwa hiyo hapakuwa na mahali popote ambapo kamera ingeweza kuwekwa ikapata picha kali. Hii ndiyo dosari ambayo wataalamu wanaiita ya tufe. Masharti ya kiufundi yalitaka 70% ya mwanga wa nyota iangukie ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha sekunde-tao 0.1 (sekunde-tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), na Hubble ikafikisha takriban 15% tu. Wakati huohuo uso wenyewe ulikuwa laini kwa kiwango cha nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita). Mafundi wa Danbury walifanya kazi ya ustadi mkubwa, wakalifikia kwa usahihi wa ajabu umbo ambalo kifaa chao cha kupimia kiliwaambia ndilo.

Kifaa hicho ndicho kiini cha kisa. Kioo cha haipabola hakipimiki moja kwa moja kwa interferomita ya kawaida, yaani kifaa kinachopima umbo kwa michirizi inayotokea mawimbi ya mwanga yanapoingiliana, kwa sababu interferomita hutoa wimbi la mwanga lenye umbo la tufe, na wimbi la tufe likirudi kutoka kwenye haipabola litaonyesha michirizi iliyopinda hata kama kioo hakina kosa lolote. Kwa hiyo kati ya interferomita na kioo huwekwa kisawazishi, yaani mpangilio mdogo wa vioo au lenzi unaolipinda wimbi makusudi ili lifike kwenye kioo likiwa na umbo lilelile linalotarajiwa kwenye kioo. Kioo kikiwa sahihi, kila sehemu ya wimbi inakigonga kwa pembe mraba na kurudi ilikotoka, na michirizi inanyooka. Hivyo kisawazishi ni sawa na mchoro wa kioo uliowekwa kwenye chuma na glasi. Kikiwa na kosa, fundi atang'arisha kioo hadi michirizi inyooke, na michirizi itakaponyooka kosa la kisawazishi litakuwa limehamia lote kwenye kioo, pasipo mashine ya kung'arishia wala aliye kwenye zamu kuona dalili yoyote.

Perkin-Elmer walikuwa na visawazishi vya aina mbili. Cha kwanza kilitumia lenzi, nacho ndicho kilichoongoza hatua za awali za kazi. Cha pili kilitumia vioo viwili na lenzi moja ndogo, na kilibuniwa kwa ajili ya hatua ya mwisho kwa kuwa usahihi wake kwenye karatasi ulikuwa mkubwa zaidi. Ubora wa hiki cha pili ulitegemea umbali kati ya vipande vyake vitatu, na umbali huo ulipangwa kwa fimbo za Inva, aloi isiyotanuka kwa joto, zilizopimwa urefu wake kwa uangalifu mkubwa. Ncha ya fimbo ilisuguliwa ikawa mviringo, na miale ya leza ilielekezwa juu yake ili ionyeshe kwamba kipande kimefika mahali pake. Ili miale isiteleze pembeni, ncha ilivishwa kofia ndogo yenye tundu katikati, na uso wa kofia ukapakwa rangi isiyorudisha mwanga.

Rangi hiyo ilibanduka kidogo karibu na tundu. Miale iliyokuwa imekaa upande kidogo ikagonga chuma cha kofia, ikarudi vizuri kabisa, na mpimaji akaamini kwamba anaiona ncha ya fimbo. Uso wa kofia ulikuwa milimita 1.3 juu ya ncha. Lenzi ilipopaswa kusogezwa hadi mahali kipimo kilipoelekeza, skrubu ya kurekebishia haikufika, na hapo ndipo zilipowekwa zile washa zinazosimuliwa mara kwa mara ili kuipa lenzi nafasi ya ziada. Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili ya mapema na ya bei nafuu kuliko zote katika kisa kizima. Kifaa kilichochorwa kwa hesabu za sehemu ndogo za milimita, kinapokataa kukaa mahali pake kwa zaidi ya milimita nzima, kinauliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa washa. Ni swali la mbunifu, na mbunifu mwandamizi anayejua kazi yake huandika tangu mwanzo kwenye maelekezo ya ufungaji kwamba marekebisho yakivuka kiasi fulani kazi isimame na yeye aitwe. Fundi hapaswi kulaumiwa kwa kutatua tatizo alilopewa, ikiwa hakuna aliyemwambia ni tatizo lipi asilitatue.

Hata baada ya hapo, ushahidi ulijitokeza mara mbili. Kulikuwa na kifaa cha tatu, kisawazishi kinyume, kilichotengenezwa ili kukagua kisawazishi cha vioo kwa kuiga kioo kisicho na kosa. Vilipowekwa pamoja, michirizi ilitoka ikiwa na mawimbi. Kisha, mwezi Mei 1981, kioo kilipokuwa kimekamilika, kile kisawazishi cha lenzi kilirudishwa ili kupima nusu-kipenyo cha mpindo katikati ya kioo, na picha zake zikaonyesha waziwazi dosari ya tufe. Katika kila hali maelezo yalikuwa yaleyale: kisawazishi cha vioo ndicho sahihi kuliko vyote, kimethibitishwa, kwa hiyo tofauti inatokana na udhaifu wa kifaa kingine. Mnamo Desemba 1981 kioo kilipakwa aluminiamu na magnesiamu floridi, na njia ya kurudi nyuma ikawa nzito zaidi.

Hoja hiyo inastahili kuchambuliwa taratibu, kwa sababu haikuwa hoja ya kijinga. Ni kweli kwamba kisawazishi cha lenzi kilikuwa na usahihi mdogo zaidi. Lakini usahihi mdogo una kipimo chake, na mhandisi anayeandaa bajeti ya makosa anakijua: lenzi hizi, glasi hii, nafasi hizi, zinaweza kuleta kosa la kiasi fulani na si zaidi. Dosari iliyoonekana ilikuwa kubwa kuliko kiasi ambacho udhaifu wa kifaa hicho ungeweza kueleza. Kifaa duni kinaweza kushindwa kutofautisha nanomita 10 na 20, lakini hakiwezi kuonyesha maikromita 2 zisizokuwepo ila kiwe kimeharibika, na kama kimeharibika ilipasa kuonyeshwa wapi. Zaidi ya hayo, vifaa viwili tofauti, vilivyojengwa kwa njia tofauti, vilikuwa vikionyesha dosari ya aina ileile. Ili kukiokoa kisawazishi cha vioo ilibidi kuamini kwamba vyote viwili vimekosea, kila kimoja kwa sababu yake, na bado vikakosea kwa namna inayofanana. Kukihukumu kisawazishi cha vioo kulihitaji kosa moja tu.

Kilichowapotosha, nadhani, ni kuchanganya mambo mawili ambayo katika kazi ya mwanga hutengana mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri: uwezo wa kifaa kurudia jibu lilelile, na ukweli wa jibu lenyewe. Kisawazishi cha vioo kilirudia jibu lake kwa ustahimilivu wa kupendeza, usiku kwa usiku, na kila mara kioo kilipong'arishwa michirizi ilizidi kunyooka. Mafundi wanaotunza faiba, yaani nyuzi za glasi zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga, iwe za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nchini Tanzania au za kampuni za simu za Nairobi, wanaijua hali inayokaribiana na hii. Kifaa cha OTDR, kinachotuma mipigo ya mwanga ndani ya faiba na kusoma unaorudi, wakati mwingine huonyesha kwamba mwanga umeongezeka nguvu kwenye ungio, jambo lisilowezekana kwa kuwa ungio halina chanzo cha nishati. Faiba mbili zilizounganishwa hurudisha mwanga kwa viwango tofauti, na kifaa kinatafsiri tofauti hiyo kama ongezeko la nguvu. Ukipima mara kumi kutoka upande uleule utapata uongo uleule mara kumi. Kwa hiyo hupimwa kutoka ncha zote mbili na kuchukuliwa wastani. Kipimo cha pili kinasaidia kwa sababu kinakosea kwa njia nyingine.

Je, lingefanyika jaribio gani? Jibu linalotolewa haraka ni jaribio la darubini nzima, vioo viwili vikiwa vimefungwa pamoja, kwa mwanga ulionyooshwa na kioo kingine kikubwa kama chenyewe. Jaribio hilo kwa usahihi kamili lingegharimu fedha nyingi, na kuliacha kulikuwa uamuzi unaoweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kutokufanya jaribio dogo. Njia ya makali ya kisu aliyoieleza Léon Foucault mwaka 1858, ambayo watengenezaji wa darubini za nyumbani huitumia hadi leo kwa vifaa vya bei ndogo, haifikii nanomita 10, lakini ikipimwa kanda kwa kanda na kulinganishwa na hesabu ingetosha kufichua kosa la ukubwa huu. Hapa ndipo fikra ya bajeti ilipopotoka: ikadhaniwa kwamba jaribio lisilofikia usahihi wa kioo halina thamani, ilhali thamani ya jaribio la ukaguzi ni kukamata makosa makubwa, yale ambayo hakuna anayeyatarajia. Kulikuwa pia na kioo cha akiba, kilichotengenezwa na kampuni ya Kodak na kupimwa kwa vifaa vya kwao wenyewe. Kipimo kimoja cha kioo hicho chini ya kisawazishi cha Danbury kingeibua ugomvi ambao ungelazimika kusuluhishwa. Na muda ulikuwepo. Baada ya ajali ya chombo cha Challenger ya tarehe 28 Januari 1986, iliyosimamisha safari za vyombo hivyo, Hubble ilikaa duniani zaidi ya miaka minne, sehemu kubwa ya muda huo katika chumba safi cha kampuni ya Lockheed huko California, na katika kipindi hicho picha za michirizi za mwaka 1981 zilikuwa makabatini.

Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Lew Allen, mkurugenzi wa Maabara ya Jet Propulsion, ilitoa ripoti yake mwezi Novemba 1990, na sehemu yenye uzito kwa mhandisi mwandamizi ni ile inayohusu nani alikuwa anaangalia nini. Kitengo kilichong'arisha kioo kilifanya kazi kikiwa kimejitenga, wataalamu wa mwanga waliokuwa ndani ya kampuni hiyohiyo hawakuhusishwa vya kutosha katika kusoma vipimo, uongozi haukukisimamia ipasavyo, na NASA nayo haikudadisi. Kazi ilikuwa imechelewa na gharama zilikuwa zimepanda. Katika mazingira hayo, tofauti kati ya vifaa viwili huonekana kama usumbufu unaosubiri maelezo, na maelezo ya kwanza yanayoruhusu kazi kuendelea ndiyo yanayopokelewa. Ningeongeza jambo moja ambalo ni maoni yangu tu: mbunifu wa kifaa cha kupimia hapaswi kuwa mtu anayekabidhi michoro na kuondoka. Ndiye pekee anayejua kwa moyo jinsi kifaa kinavyoweza kudanganya.

Jambo moja lilikwenda vizuri, na bila hilo sehemu ya pili ya kisa isingewezekana. Kisawazishi cha vioo hakikuwa kimevunjwa. Kilikuwa kimehifadhiwa Danbury katika hali ileile kilichotumika, kwa hiyo wachunguzi walikipima mwaka 1990 na kukuta lenzi imekaa milimita 1.3 kutoka mahali pake. Kutokana na umbali huo waliweza kukokotoa umbo ambalo kioo kililazimika kulipata. Upande wa pili, makundi mengine yalikokotoa umbo hilohilo kutoka kwenye picha za nyota zenye ukungu zilizotumwa na Hubble yenyewe, bila kutegemea chochote cha Danbury. Majibu yalikaribiana vya kutosha kubuni marekebisho. Kwa kuwa kosa lilikuwa laini, lenye ulinganifu na linalojulikana kwa namba, liliweza kufutwa kwa kosa lingine la kiasi hichohicho lenye mwelekeo wa kinyume.

Kamera kubwa ya darubini ilikuwa tayari inaundiwa mbadala, WFPC2, katika Maabara ya Jet Propulsion, na ndani yake kulikuwa na vioo vidogo ambavyo picha ya kioo kikuu huangukia juu yake. Hapo ndipo mahali panapofaa kuweka marekebisho, kwa sababu kila nukta ya kioo kidogo inawakilisha nukta moja ya kioo kikuu. Kwa vifaa vingine vitatu vilivyokuwa angani tayari ilibidi kubuniwa kifaa kipya, COSTAR, kilichoundwa na kampuni ya Ball. Kilikuwa na vioo 10 katika jozi: kioo cha kwanza cha kila jozi kinaukatiza mwanga na kuitupa picha ya kioo kikuu juu ya cha pili, na cha pili kimesagwa kikiwa na dosari ya kinyume. Wazo la kuvibeba vioo hivyo kwenye mikono inayojikunjua mbele ya vifaa lilikuwa la mhandisi James Crocker, na hesabu za mwanga zilifanywa na Murk Bottema. Ugumu haukuwa katika kusaga tu. Picha ya kioo kikuu isipokaa sawasawa juu ya kioo cha marekebisho, sehemu ya dosari ya tufe hugeuka kuwa dosari nyingine, koma, ambayo huipa nyota mkia. Ndiyo maana WFPC2 iliongezewa vioo vinavyoweza kuelekezwa upya kutoka ardhini, na COSTAR nayo ikawekewa njia za kurekebisha mikao ya vioo vyake.

Safari hii hakuna namba iliyoaminiwa kwa kifaa kimoja. Ball walijenga mfano wa darubini wenye dosari ileile ya Hubble ili COSTAR ijaribiwe ikipokea mwanga mbovu kama ule itakaokutana nao angani, na mfano wenyewe ukakaguliwa kwa njia iliyo huru na ya Ball. Gharama yake haikuwa ndogo, na bei nyingine ililipwa na wanasayansi: ili COSTAR ipate nafasi, fotomita ya kasi, kifaa cha kupima mwangaza unaobadilika haraka na mojawapo ya vifaa vitano vya awali, iliondolewa moja kwa moja. Wanaanga wa safari ya STS-61 walizifunga WFPC2 na COSTAR mwezi Desemba 1993 katika matembezi matano ya angani, na picha za kwanza zilionyeshwa kwa umma tarehe 13 Januari 1994.

Tangu vifaa vya STIS na NICMOS vilivyofungwa mwaka 1997, wabunifu wa kila kifaa kipya cha Hubble waliweka umbo halisi la kioo, pamoja na kosa lake, kwenye masharti yao ya kwanza, na marekebisho yakafanyika ndani ya kifaa chenyewe. Kamera ya ACS ya mwaka 2002 ilifuata njia hiyo, na ikaweza kupunguza idadi ya vioo ambavyo mwanga hugonga njiani, jambo lenye thamani kwa kuwa kila kioo hupoteza sehemu ya mwanga. Kufikia Mei 2009 hakukuwa na kifaa kilichohitaji mikono ya COSTAR. Ilirudishwa duniani, na nafasi yake ikachukuliwa na kifaa cha kuchunguza mwanga wa urujuanimno, COS.